Kubadilisha Breki za Drumu kuwa za Diski kwenye Land Cruiser 40: Mwongozo kwa Wenye Magari ya Mwambao

Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1960 hadi 1984, bado zinafanya kazi Malindi na vijiji vinavyoizunguka. Nyingine hupeleka wageni Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, nyingine hupita Mambrui na Gongoni zikiwa na mizigo ya kila namna, na chache zimefufuliwa na wenyewe, zikapakwa rangi upya, zikawa magari ya kutembelea siku za mapumziko. Injini na ekseli zake ni za kusifika. Breki ndizo zinazowafanya hata wanaozipenda wakunje uso, kwa sababu nyingi kati ya hizo bado zina drumu kwenye magurudumu yote manne, na drumu zenyewe zimeshakula chumvi nyingi.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuondoa drumu za magurudumu ya mbele na kuweka diski mahali pake. Umeandikwa kwa mtu ambaye tayari anaweza kufungua habu, kubadilisha beringi na kutoa hewa kwenye breki, au kwa mwenye gari anayetaka kumsimamia fundi wake huku akielewa anachokiona. Ambaye hajawahi kushika kazi ya breki hata mara moja asiifanye hii kuwa somo lake la kwanza.

Upungufu wa drumu

Upungufu wa kwanza ni maji. Mtu anapovuka laga, yaani kijito cha msimu, iliyofurika wakati wa masika, maji huingia ndani ya drumu na kukaa kati ya kiatu cha breki na chuma, na hayana njia ya haraka ya kutoka. Dereva hukanyaga pedali na gari likaendelea kwenda kana kwamba halikuambiwa kitu, mpaka msuguano uyakaushe. Matope ya mto Sabaki yakishaingia humo hubaki, yakakwaruza chuma na lainingi kwa pamoja. Diski iko wazi, kwa hiyo inapozunguka huyarusha maji nje, na pedi hufuta yaliyobaki katika mizunguko michache.

Upungufu wa pili ni joto. Drumu ikipata moto hutanuka na kusogea mbali na viatu vyake, kwa hiyo pedali huzidi kushuka kadiri mteremko unavyozidi kuwa mrefu. Kwenye tambarare ya Malindi jambo hili linaweza kufichika kwa miaka, lakini anayevuka Tsavo hadi Voi na kupanda Wundanyi ataligundua wakati wa kurudi, akiwa na abiria, kwenye kona zile zilizobanana. Diski ikipata moto hutanuka kuelekea kwenye pedi, tena hupigwa na upepo pande zote mbili.

La tatu halisemwi sana, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kwenye breki za mbele za drumu za gari hili kila gurudumu lina silinda mbili, na kila silinda husukuma kiatu chake kwa namna ambayo drumu, inapozunguka kwenda mbele, hukivuta kiatu na kukikandamiza zaidi. Breki inajisaidia yenyewe. Gari likirudi nyuma, mzunguko hugeuka na msaada ule hupotea. Basi injini ikizimika katikati ya mlima wenye mchanga na gari likaanza kurudi kinyumenyume, breki za mbele zinakuwa dhaifu katika wakati ambao dereva anazihitaji kuliko wakati wowote mwingine. Diski hushika kwa nguvu ile ile pande zote mbili za mwendo.

Hata hivyo huko kujisaidia kwa drumu kuna upande wake wa faida, na msomaji aukumbuke, kwa sababu ndio unaoeleza nusu ya kazi iliyo mbele yetu. Diski haijisaidii. Nguvu yote ya kubana lazima itoke kwenye presha ya mafuta, na kwa hiyo gari lililosimama vizuri kwa drumu bila busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye pedali, linaweza kuwa gumu kusimama kwa diski zisizo na busta.

Mbele peke yake inatosha

Huulizwa mara kwa mara kama ni vyema kuweka diski magurudumu yote manne. Kwa gari la kazi, jibu langu ni kwamba haifai gharama. Gari linapofunga breki uzito wake huhamia mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Ya nyuma, hasa sanduku likiwa tupu, hushika kidogo tu kabla ya kuanza kuburura. Drumu nzuri za nyuma, zilizorekebishwa ipasavyo, zinatosha. Toyota wenyewe walipoanza kuweka diski kwenye mfululizo huu katikati ya miaka ya 1970, kwa magari ya soko la Marekani, waliziweka mbele na kuziacha drumu nyuma.

Lipo pia suala la breki ya mkono. Kwenye Land Cruiser 40 nyingi za zamani, kama kwenye Land Rover za Series, breki ya mkono ni drumu ndogo iliyo nyuma ya giaboksi ya pili na hubana propela shafti, kwa hiyo haiguswi na mabadiliko haya. Kwenye matoleo ya mwisho waya wake huenda kwenye drumu za magurudumu ya nyuma, na anayeziondoa drumu hizo huondoa na breki ya mkono, akalazimika kutafuta kalipa (vifaa vinavyobana pedi kwenye diski) maalumu zenye mkono wa waya. Acha nyuma ilivyo.

Kuhusu Land Rover niseme kwa kifupi, kwa kuwa wenye nazo Malindi hawakosekani. Series zote, tangu 1948 hadi 1985, zilitoka na drumu. Land Rover 110 ya 1983 ndiyo iliyokuja na diski za mbele. Spea za huko ni tofauti na nyuzi za nati zake mara nyingi si za milimita, lakini yote yanayofuata kuhusu masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali), vali na busta yanazihusu vilevile.

Spea za kutafuta

Njia iliyonyooka ni kupata seti nzima kutoka gari moja lenye diski: Land Cruiser 40 ya miaka ya mwisho iliyotoka nazo, au Land Cruiser 60, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1980. Seti hiyo ni spindeli, habu, diski, kalipa, mabano ya kushikia kalipa pamoja na bati la kukinga vumbi, kulia na kushoto. Kalipa hizi ni za pistoni nne, mbili kila upande, na mwili wake hausogei; hazina pini za kuteleza ambazo chumvi hupenda kuzigandisha, na kwa mwambao huo ni ubora mkubwa. Boliti za gurudumu ni sita katika duara la milimita 139.7 kwa magari yote mawili, kwa hiyo rimu za zamani hufunga bila kutobolewa.

Usinunue vipande vya magari tofauti kwa kuokoteza. Spindeli ya drumu na spindeli ya diski hazifanani, na habu hutengenezwa kwa ajili ya spindeli yake. Kabla ya kulipa, linganisha matundu ya boliti za spindeli na yale ya kifundo cha ekseli yako, kisha upime kama mhimili wa nje wa ekseli yako unapita ndani ya spindeli hiyo na kutokeza kiasi kinachotakiwa kwenye bamba la habu. Anayeagiza spea kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, kwa njia ya simu ni vyema adai picha iliyopigwa rula ikiwa juu ya kifaa, maana kuirudisha spea isiyofaa kutoka Malindi ni nauli na siku.

Kalipa za mitumba si tatizo mradi pistoni zake hazina mashimo ya kutu. Isukume pistoni nje kwa upepo wa kompresa ukiwa umeweka kipande cha ubao mbele yake, kwa kuwa hutoka kwa kishindo na huweza kuvunja kidole. Ipanguse, uikague kwenye mwanga wa jua: doa la rangi halina neno, lakini shimo ambalo ukucha unanasa litakata sili mpya ndani ya muda mfupi. Sili zinunuliwe mpya bila mjadala. Diski nayo ina unene wa chini unaoruhusiwa, na mara nyingi umegongwa kwenye chuma chenyewe. Diski iliyokaribia kipimo hicho isichongwe, ibadilishwe.

Nunua pia mipira ya breki mipya ya kalipa. Mpira wa zamani wa silinda ya gurudumu mara nyingi hauingii, na hata ukiingia hauna urefu unaofaa.

Masta silinda, busta na vali

Hapa ndipo kazi nyingi za aina hii huharibikia. Diski zinaonekana, zinang'aa, na kila mtu huinama kuzitazama; masta silinda iko juu, imejaa vumbi, na huachwa ilivyo. Gari likitoka hapo, breki hushika zenyewe kila baada ya kilomita chache, au pedali inazama nusu ya njia, na lawama zinaelekezwa kwa diski.

Masta silinda ya drumu kwa kawaida ina vali ndogo ndani ya tundu la kutolea mafuta, ambayo kazi yake ni kubakiza presha kidogo kwenye mabomba hata mguu ukishaondoka, yapata pauni 10 kwa inchi ya mraba. Presha hiyo huzifanya kingo za sili za silinda za magurudumu zisivute hewa, na springi za viatu zina nguvu ya kutosha kuishinda. Kalipa haina springi ya kuirudisha pistoni. Hutegemea sili kujikunjua tu, kwa kipimo cha sehemu ya milimita. Vali ile ikibaki kwenye njia ya mbele, pedi zitasugua diski muda wote, zitapata moto, na mafuta yatachemka. Kwa hiyo njia ya diski isiwe na vali hiyo, na njia ya drumu za nyuma ibaki nayo. Magari ambayo masta silinda yake iko chini ya sakafu, chini kuliko kalipa, huhitaji vali ya pauni 2 ili mafuta yasirudi. Kwenye Land Cruiser 40 masta silinda iko juu, kwenye ukuta wa injini, na hitaji hilo halipo.

Jambo la pili ni ukubwa wa tundu la silinda. Silinda ya inchi moja ina eneo la sentimita za mraba 5.07, ile ya inchi saba ya nane ina 3.88. Kwa nguvu ile ile ya mguu, silinda ndogo hutoa presha iliyozidi kwa takriban asilimia 30, lakini pedali nayo inabidi isafiri zaidi kwa kiasi hicho hicho ili kusukuma mafuta yale yale. Kalipa ya pistoni nne inameza mafuta mengi. Kwa hiyo anayeweka silinda ndogo ili kukwepa gharama ya busta huenda akapata pedali inayofika karibu na sakafu, na asibakiwe na akiba yoyote ikiwa hewa kidogo itaingia. Ushauri wangu ni kuchukua masta silinda na busta kutoka gari lile lile lililotoa kalipa, kwa kuwa wahandisi walishavipatanisha.

Masta silinda hiyo iwe ya njia mbili, yaani sehemu ya mbele na ya nyuma zikiwa na mafuta mbalimbali, ili bomba moja likipasuka nusu ya breki ibaki. Magari ya miaka ya mwanzo yana njia moja tu, na kwa maoni yangu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuibadilisha hata kwa asiyetaka diski. Kikopo kikubwa zaidi cha mafuta ndicho kilishe diski, kwa sababu pedi zinavyolika pistoni husogea nje na kubaki huko, na mafuta huteremka kujaza nafasi iliyoachwa. Fuata mabomba kwa kidole kutoka kwenye silinda hadi gurudumu, usikisie.

Busta hufanya kazi kwa mvuto wa hewa. Injini ya petroli huutoa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, kupitia vali inayoruhusu njia moja tu. Injini ya dizeli haina mvuto wa maana mahali hapo, na ndiyo sababu Toyota walifunga pampu ndogo ya mvuto nyuma ya altaneta kwenye dizeli zao kama B na 3B. Ikiwa gari lako la dizeli limebadilishiwa altaneta na kuwekewa ya kawaida isiyo na pampu, busta yako itakuwa mzigo tu wa chuma mpaka irudishwe yenye pampu.

Kati ya fimbo ya busta na pistoni ya masta silinda lazima kuwe na nafasi ndogo sana, chini ya milimita moja. Fimbo ikiwa ndefu, pistoni hairudi mwisho, tundu dogo la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, na mafuta yanayotanuka kwa joto yanakosa pa kwenda; breki hujikaza polepole barabarani mpaka gari linakataa kwenda. Ikiwa fupi, pedali inakuwa na safari tupu. Bandika kipande kidogo cha udongo laini wa kuchezea watoto kwenye ncha ya fimbo, funga silinda, ifungue tena, kisha upime unene uliobaki.

Mwisho katika sehemu hii ni vali ya kupunguza presha ya nyuma, ile inayozungushwa kwa mkono. Ifungwe kwenye bomba linaloelekea nyuma, mahali panapofikika bila kulala chini ya gari. Wapo wanaosema haina haja. Kwa gari fupi linaloweza kuwa tupu leo na kesho likabeba magunia, mimi naona ina haja.

Kufungua na kufunga

Egesha gari kwenye sakafu ngumu, uweke vizuizi nyuma ya magurudumu ya nyuma, na baada ya kuinua mbele ulikalishe kwenye stendi za chuma. Mchanga wa Malindi humeza jeki. Ikibidi kufanyia kazi nje, tandika ubao mpana chini ya kila stendi.

Vumbi lililomo ndani ya drumu kuukuu linaweza kuwa na asbesto. Lisipulizwe kwa kompresa wala kufagiwa likiwa kavu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulipanguse kwa kitambaa cha kutupa, na uvae barakoa.

Bamba la habu limefungwa kwa stadi sita zenye washa za umbo la pia, na washa hizo hung'ang'ania. Gonga ncha ya kila stadi, au ubavu wa bamba, kwa nyundo ya shaba nyeupe au kupitia kipande cha shaba, nati ikiwa imebakizwa nyuzi chache ili isiharibu ncha. Washa zitaruka zenyewe. Nati za beringi zinahitaji soketi ya milimita 54. Kuzigonga kwa patasi, kama inavyofanywa vichochoroni, huziharibu na kuacha chembe za chuma ndani ya beringi.

Habu na drumu zikishatoka, toa bati la nyuma na spindeli, kisha utazame kilichomo ndani ya kifundo. Grisi nzito yenye rangi ya kijivu au nyeusi ni ishara nzuri. Ukikuta uji mwepesi unaonuka mafuta ya difu, sili ya ndani ya ekseli imekufa, na mafuta hayo yatapita hadi kwenye habu na kulowesha pedi zako mpya. Ibadilishe sasa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufunguzi wake umeshaimaliza.

Safisha uso wa kifundo mpaka chuma kionekane. Kutu au rangi iliyoachwa hapo huipinda spindeli kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Panga gasketi, mabano ya kalipa, bati la vumbi na spindeli kwa mpangilio ule ule wa gari lililotoa seti, ukaze kwa mzunguko wa mshazari, na utumie spana ya kupimia nguvu kwa vipimo vya kitabu cha gari hilo. Boliti za kalipa zisiwe za dukani za kawaida. Zitumike zile za asili, zenye daraja lake.

Beringi zijazwe grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Kaza nati ya ndani huku habu ikizungushwa huku na huku, ilegeze, ikaze tena kidogo, kisha ufunge kamba kwenye stadi moja ya gurudumu na kuvuta kwa mizani ya kuning'iniza, mfano wa ile ya wauza samaki lakini ndogo na sahihi zaidi. Kitabu kinatoa uzito ambao habu inapaswa kuanza kuzunguka. Beringi iliyolegea ilivumilika kwa drumu. Kwa diski haivumiliki, kwa sababu diski inayoyumba husukuma pistoni ndani na pedali ya kwanza baada ya kona inakuwa tupu. Kwa sababu hiyo hiyo weka geji ya mshale kwenye uso wa diski na uizungushe: kuyumba kukizidi takriban milimita 0.15, ondoa diski kwenye habu, usafishe mahali zinapokutana, au uigeuze tundu moja na kupima upya.

Kalipa ya kulia na ya kushoto hutofautiana kwa jambo moja: nipeli ya kutolea hewa lazima iwe juu. Zikibadilishana pande, zitafunga vizuri kabisa na kila kitu kitaonekana sawa, ila nipeli itakuwa chini, hewa itabaki imenaswa juu, na hakuna idadi ya kukanyaga pedali itakayoitoa.

Kabla ya kushusha gari, rudisha gurudumu na ulizungushe kwa mkono. Rimu nyingine za zamani hugusa kalipa. Kata usukani hadi mwisho kila upande pia, ukitazama kama mpira wa breki unavutika au unagusa tairi.

Mabomba, mafuta na kutoa hewa

Mabomba ya chuma ya zamani katika hali ya hewa ya pwani yabadilishwe yote, sio kipande. Yaliyo bora hapa ni ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, kwa kuwa hayapati kutu. Shaba tupu ya friji haifai kwa presha hii. Nati za Toyota ni za milimita 10 zenye hatua ya milimita 1, na mdomo wa bomba ukunjwe mara mbili.

Tumia mafuta ya DOT 3 au DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na Malindi unyevu si haba. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi joto 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji hushuka kuelekea 155, kiwango ambacho mteremko mrefu unaweza kukifikia. DOT 5 ya silikoni ni jamii nyingine na isichanganywe na hizo. Mafuta ya breki huchubua rangi ya gari. Maji mengi mara moja ndiyo dawa.

Masta silinda itolewe hewa kwanza ikiwa kwenye vaisi, kwa vijipira vinavyorudisha mafuta kwenye kikopo. Kisha anza na gurudumu lililo mbali zaidi. Kwa kuwa usukani wetu uko kulia na masta silinda iko upande huo, mpangilio ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kabla ya hapo rekebisha viatu vya nyuma mpaka viguse drumu kidogo, ndipo uvirudishe. Viatu vilivyo mbali hula safari ya pedali, na wengi hudhani ni hewa.

Kujaribu kabla ya kuamini

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie kwa mguu, kisha uwashe. Pedali ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Halafu mbele ikiwa juu, kanyaga, achia, na uzungushe gurudumu kwa mkono. Likibaki limekazwa, legeza nipeli ya kalipa kidogo: mafuta yakichuruzika kwa nguvu na gurudumu likaachia, kuna presha iliyofungiwa, na kosa liko kwenye vali ya masta silinda au urefu wa fimbo ya busta. Nipeli ikifunguliwa na gurudumu lisiachie, pistoni imekwama ndani ya kalipa.

Tafuta barabara ya vumbi iliyo wazi isiyo na watu wala mifugo, kama zile za upande wa Ganda asubuhi na mapema. Anza kwa mwendo wa kutembea, halafu kilomita 20 kwa saa, halafu 40. Mtu mwingine asimame pembeni, mbali, atazame magurudumu gani yanaanza kuburura kwanza. Yakiwa ya nyuma, punguza presha kwa ile vali na urudie, maana gari linaloburura nyuma hugeuka ubavu. Ya mbele yatangulie kwa tofauti ndogo. Jaribio hili lifanyike sanduku likiwa tupu, kwani hapo ndipo nyuma huwa nyepesi.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20, kwa mguu wa wastani, kama mara kumi, ukiacha nafasi ya kupoa kila mara, bila kusimama kabisa na pedi zikiwa za moto.

Kabla ya kurudisha gari kwenye kazi ya kubeba watu, mjulishe mwenye bima kuhusu badiliko hili kwa maandishi, na ulipeleke kwenye ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, likiwa na risiti za spea. Magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na mkaguzi huona kwa urahisi kilichobadilishwa.

Matunzo ya pwani

Gari linalopita kando ya bahari au kwenye mashamba ya chumvi lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nyuma ya diski na ndani ya kalipa, diski zikiwa zimepoa. Safu nyembamba ya kutu inayotokea usiku mmoja juu ya diski huondoka kwa kukanyaga mara mbili tatu na isimtishe mtu. Kutu ya kuangaliwa ni ile inayotambaa kwenye pini za pedi na kuzifanya pedi zisiteleze. Zichomolewe, zisuguliwe na kupakwa grisi ya breki inayohimili joto, si grisi ya beringi. Mafuta ya breki yabadilishwe kila mwaka, hata kama kitabu kinaruhusu miaka miwili.

Baada ya kilomita 500 za kwanza inua tena mbele, ushike tairi juu na chini, uitikise. Beringi mpya hukaa vizuri zaidi baada ya kutembea na kuacha ulegevu kidogo. Rudia kipimo cha mizani, kaza boliti za kalipa kwa spana ya kupimia, na utazame kama pedi za kulia na kushoto zinalika sawa.